Mlalamikaji Hapatikani

Niseme mapema kwamba yule mbwa sikumpenda. Elmer alikuwa jibwa jeusi lenye kidevu cheupe na harufu ya blanketi lililoloa, na sikukuu moja ya Pasaka aliniibia paja zima la nguruwe nililolitoa kwenye tanuri nikaligeuzia mgongo kidogo tu. Kwa hiyo mtu asidhani nasimulia haya kwa uchungu wa mbwa. Nasimulia kwa sababu mengi yake yalitokea mbele ya jiko langu, na kwa sababu hapa Tolliver kila anayeyasimulia anatia chumvi.

Mgahawa wangu unatazamana na korti ya kaunti. Korti, ofisi za kaunti na kizimba cha wanyama, wanamofungiwa mbwa waliokamatwa, vimezunguka uwanja mmoja wa kuegesha magari, na ukisimama mlangoni kwangu unaviona vyote bila kugeuza shingo. Wanaofanya kazi humo wanakula kwangu kwa sababu hakuna pengine pa kula. Mhudumu wangu ni Verlene Kucera, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hakujaliwa watoto. Mumewe Frank alipofariki alimwachia trekta bovu na kijibwa ambacho hakijaacha hata kunyonya vizuri. Trekta aliliuza. Kijibwa ndicho kikawa Elmer.

Kosa la Elmer ni kumng'ata mleta gesi. Alimng'ata kwenye shavu la mguu, na mleta gesi mwenyewe, Dwight, alikuja kwangu siku hiyo hiyo akichechemea na kucheka. "Nilimkanyaga mkia," alisema. "Hata mimi ukinikanyaga mkia nitakung'ata, Lumir." Lakini alilazimika kuandika habari ya jeraha kazini kwake, kaunti ikapata habari, na kaunti ikakumbuka kwamba miaka ya nyuma Elmer alimng'ata pia mpwa wa Frank harusini. Sheria ya hapa ni kwamba mbwa akiuma mara ya pili ni mbwa hatari, na mbwa hatari huchomwa sindano ya kumuua. Wakaja wakamchukua, wakamfungia kizimbani.

Verlene akakata rufaa kortini. Wakili pekee wa mji wetu ni wakili wa kaunti, na huyo ndiye aliyetaka mbwa afe, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwendea. Akajitetea mwenyewe. Aliandika madai yake kwenye meza ya dirishani, baada ya watu wa mchana kuondoka, huku amekunja mikono ya shati kana kwamba anakanda unga. Alifuta, akaandika, akanisomea. Nikamwambia apunguze maneno kuhusu Frank. Hakupunguza.

Jaji wetu ni mmoja, Jaji Ostergard, mzee mkavu anayekula yai moja na kolachi, andazi lenye jamu ya zambarau, kila asubuhi ya kazi na kunywa vikombe viwili vya kahawa. Alisoma yale madai yote, pamoja na ya Frank, akaamuru mbwa asiguswe mpaka kesi iishe. Maana yake ilikuwa nyepesi hata kwangu mimi: kesi ikiwepo, Elmer yupo. Kesi ikiisha vibaya, Elmer hayupo.

Siku hiyo ya kwanza kortini nilikuwepo, nilifunga mgahawa nikaenda kumsindikiza. Jaji alimpa Verlene maagizo mawili. La kwanza, kwa kuwa hana wakili, ni jukumu lake mwenyewe kuiandikia korti kila akihama, ili barua zimfikie. La pili alilisema akiwa ameinama mbele, akimtazama juu ya miwani.

"Mama Kucera, wewe na mimi tunaonana kila siku. Kuanzia leo, nje ya chumba hiki, kesi hii hatuitaji. Si neno, si fumbo, si kukonyezana. Ukiniletea kahawa, ni kahawa tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

La pili alilishika kama kiapo. La kwanza liliingia sikio hili likatokea lile, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza lazima mumjue Ostergard. Zamani hakuwa vile. Alipokuwa jaji mpya alimpigia simu mkulima mmoja kumkumbusha kwamba kesi yake ya mpaka ni kesho, asije akasahau kwa sababu ya mavuno. Wema mtupu. Upande wa pili ukasikia, ukalalamika huko juu, naye akaandikiwa onyo kali ambalo lilisomwa na kila mtu hapa mjini. Tangu hapo akawa jiwe. Jambo ambalo halimo ndani ya faili halijui, hata kama limemkalia mapajani. Ghala lilipoungua mbele ya macho yake, kesi ya ghala lile ilipofika kwake, aliwauliza mashahidi kama kweli kulikuwa na moto.

Sasa, kuhama. Nyumba aliyopanga Verlene iliuzwa na mtoto wa mwenye nyumba, na kabla theluji haijaanza alihamia vyumba vya juu ya mgahawa wangu. Nani hakujua? Alimwambia Hollis wa kizimba cha wanyama. Alimwambia mchungaji. Aliwaambia akina mama wa dirisha la kodi za kaunti, wakamletea pazia. Nilimwona kwa macho yangu akipandisha kitanda na wanaume wawili wa idara ya barabara za kaunti, katika lori la kaunti. Ukimwuliza, kaunti yote ilikuwa na habari, na korti si ni ya kaunti?

Halafu kulikuwa na suala la posta. Kwa miaka yote hapa, mtu akihama hakuandika popote. Ulimwambia Ardith wa posta, au hukumwambia, kwa sababu Ardith alishakuona, na barua zako zilikufuata zenyewe. Mimi niliwahi kupokea barua ya kaka yangu iliyoandikwa jina langu na neno Tolliver, basi. Lakini Ardith alistaafu kiangazi kile, na barua zikaanza kuchambuliwa na mashine katika jiji moja, mbali na hapa. Mashine haijui kwamba Verlene amehamia kwa Lumir. Anwani isipojibu, inagonga muhuri na kurudisha. Sisi wote tulijua Ardith amestaafu. Tulimfanyia sherehe, tulikula keki. Hakuna aliyewaza zaidi ya keki.

Karani wa korti naye alikuwa mpya, binti anayeitwa Paige kutoka Lincoln, mji mkuu wa jimbo letu, mpole, aliyekula chakula chake ofisini katika kibakuli cha plastiki. Kwake Verlene Kucera lilikuwa jina juu ya faili. Alituma barua ya tarehe ya kusikilizwa kesi. Ikarudi. Akaiweka kwenye faili kama alivyofundishwa. Kortini siku hiyo mlalamikaji hakutokea, kwa kuwa alikuwa ng'ambo ya uwanja anawamiminia watu supu ya viazi. Jaji akaamuru apelekewe barua nyingine, ya kumtaka aeleze kwa nini kesi yake isifutwe. Nayo ikarudi. Haya yote Paige alikuja kunieleza baadaye, siku aliyokula kwangu kwa mara ya kwanza, macho yamemvimba.

Mimi wakati huo nilichokiona ni majira ya baridi ya kawaida. Kila Alhamisi, akitoka kazini, Verlene alivuka uwanja na kwenda kukaa na Elmer kizimbani mpaka Hollis alipofunga. Hollis Babcock ndiye mtunzaji wa pale, mtu mnene, mwenye haya, anayeongea na mbwa vizuri kuliko na watu. Alimtolea Verlene kiti cha kukunja akakiacha pale pale siku zote. Alimruhusu amletee Elmer mabaki kutoka kwangu, kinyume cha kanuni. Na kila asubuhi, Ostergard aliingia, akatundika kofia, akakaa.

"Kahawa, Jaji?"

"Kahawa, Verlene."

"Baridi leo."

"Baridi kweli."

Basi. Mimi jikoni nilikuwa nachemka. Siku moja alipoondoka nikamwambia Verlene, "Wewe mama, si umuulize tu kesi imefika wapi? Miezi inakatika."

"Nyamaza wewe!" Alinitishia kwa kitambaa cha kufutia meza. "Unataka niharibu kesi yangu? Alisema si neno, si fumbo."

"Mwulize kwa macho."

"Alisema na kukonyezana hapana. Lumir, yule mzee ananiheshimu. Humwoni? Hata jicho hanitupii. Angekuwa ameshaamua vibaya, angeweza kunywa kahawa yangu na kuniangalia vile?"

"Lakini hakuangalii."

"Ndiyo nasema!"

Nilimwacha. Ukibishana na Verlene unaishia kuosha sufuria.

Mara moja tu Ostergard alisogea hadi ukingoni mwa agizo lake mwenyewe. Ilikuwa katikati ya baridi, watu wachache, theluji inapiga dirisha. Verlene alimjazia kikombe cha pili, naye akaweka kidole juu ya mdomo wa kikombe, akasema bila kuinua macho, "Umeshazoea huko juu?"

"Nimezoea, Jaji. Pana joto la jiko."

"Kila kitu kinakufikia vizuri?"

"Kila kitu. Lumir ananipandishia hata magazeti."

Aliondoa kidole. Nilimwona akikunja kitambaa chake cha karatasi mara nyingi, mpaka kikawa kidogo kama kisanduku cha kiberiti, kisha akalipa na kuondoka bila kumaliza kolachi yake. Verlene alifurahi siku nzima. "Umesikia? Ananijali yule mzee." Mimi nikadhani hivyo hivyo. Yeye Ostergard, kama alivyosema baadaye, alikuwa amepata jibu lake: barua zinamfikia, hazitaki. Amechoka. Watu wengi wasio na wakili huchoka, wakaona haya kusema, wakajifanya hawapo. Akaona ni heshima kumwachia.

Jumatatu moja, barafu imeanza kuyeyuka, akatia sahihi. Paige alinionyesha maneno yenyewe, na ni machache. Mlalamikaji hapatikani. Ameshindwa kuiendesha kesi yake. Kesi imefutwa, bila kumzuia kuifungua upya. Nakala ya Verlene ikaenda posta, kwenye nyumba ile ile iliyouzwa. Nakala ya kaunti ilipita kwenye kompyuta ikafika kabla Paige hajasimama kwenye kiti chake. Jumanne daktari wa mifugo huwa anapita kizimbani.

Jumatano asubuhi Ostergard aliingia mapema kuliko kawaida. Hakutundika kofia. Aliishika kifuani akasimama mbele ya kaunta, na Verlene akaja na birika la kahawa.

"Verlene," alisema, "sasa naweza kusema na wewe. Pole sana kwa Elmer."

"Pole ya nini?"

"Ya mbwa wako. Nilisikitika ulipoiacha kesi. Nilitaka ujue kwamba sikuona ubaya wowote. Wengi huchoka."

Verlene alimtazama kama anamtazama mtu anayeagiza chakula kwa lugha ngeni. "Kesi gani nimeiacha? Mimi nangojea tarehe."

"Barua ulipata."

"Barua gani?"

Nilikuwa na bekoni kikaangoni na niliiacha iungue. Uso wa Ostergard nilikuwa naujua vizuri, na sikuwahi kuona kitu kikitembea juu yake. Asubuhi ile nilikiona. Kilianza kwenye mdomo, kisha uso wote ukapauka mpaka masikioni.

"Ulisema kila kitu kinakufikia," alisema polepole.

"Nilidhani unaniuliza habari za kuhama!" Sauti yake ya kuita ng'ombe ikapanda. "Ulinikataza kusema mengine! Ulinikataza mwenyewe! Elmer yuko wapi?"

Jaji akageuza macho dirishani, kuelekea kizimba. Verlene akaweka birika chini, sakafuni, sijui kwa nini sakafuni, akatoka na aproni yake, bila koti. Nikazima jiko nikamfuata. Nyuma yangu nikasikia viatu vya mzee vikija, vikiteleza kwenye matope ya theluji.

Hollis alikuwa anamwaga maji sakafuni. Alipomwona Verlene hakusalimia. Aligeuka akaendelea kusukuma maji kwa ufagio, na shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Hollis. Elmer."

"Ungeniambia tu," alisema kwa ukuta. "Ungekuja ukaniambia, Hollis, nimeshindwa, siwezi tena. Ningekuelewa. Kuliko kuniachia mimi karatasi."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umeiacha kesi! Imeandikwa. Nilisoma nikarudia. Nikasema, kumbe Alhamisi ile alikaa muda mrefu vile kwa sababu alikuwa anamuaga, na mimi hakuniambia." Akageuka. Alikuwa na hasira kweli, hasira ya mtu mwenye haya, ambayo ni mbaya kuliko nyingine zote. "Wameandika hupatikani. Nikasema haya, kama hataki kupatikana, nisimtafute. Ningevuka uwanja tu, Verlene. Ningevuka. Lakini nilikukasirikia."

"Mimi sijaacha kitu," alisema Verlene. "Hollis, mimi sijaacha kitu."

Ufagio wa Hollis ukaanguka. Nafikiri ndipo alipoona nyuso zetu, na ya jaji mlangoni, na akaelewa alichofanya Jumanne na kwamba halikuwa kosa lake wala halikuwa la mtu yeyote ambaye angeweza kumrukia na kumpiga. Mimi nilitamani sana kumpata wa kumpiga. Nilimtazama Ostergard, nikaona mzee aliyeshika kofia, na hamu ikaniisha.

Yeye akakohoa. Alikuwa lazima aseme kitu, na katika maisha yake yote alikuwa amejiwekea maneno ya aina moja tu. "Amri yangu haikuizuia," alisema. "Unaweza kuifungua upya. Hata leo. Nitajiondoa, atakuja jaji mwingine kuisikiliza."

"Kesi ya nini?" Verlene alimuuliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli, na alimngoja.

Verlene akamwacha, akamgeukia Hollis. "Nani alimshika?"

"Mimi. Daktari alitaka kumfunga, nikakataa."

"Alikula?"

"Nilimnunulia baga. Aliila yote."

"Kitunguu ulitoa? Hawezi kitunguu, tumbo linamsumbua."

"Nilitoa, Verlene. Nilikitoa chote kabla sijampa."

"Ahsante," alisema. Akavuta kile kiti cha kukunja, akakikalia mbele ya kizimba kilichooshwa, akalia kwa sauti yake yote, mpaka mbwa wengine wakaanza kubweka.